Vile Nilimutafsiria Dada Sarita

Mama Chola tulimuzika Puta. Nilikuwa nimeketi ku mukeka pamoja na wanamuke wengine, miguu imenyooka mbele vile inafaa ku malilo, wakati sauti ya Dada Sarita iliingia mu simu yangu. Mwansa, binti ya marehemu, aliona jina. "Ni Muhindi wa Mama?" akauliza. Nikaitika. "Basi weka kwa nguvu, wote wasikie. Halafu utuambie kwa Kibemba anasema nini, si njo kazi yako ya zamani?" Wanamuke wakanyamaza, hata wale walikuwa wanasonga bukari pale nje wakaacha mwiko. Nikabonyeza. Sauti ilikuwa ya muzee sasa, lakini Kiswahili ilikuwa ile ile yake, safi sawa sahani ya wageni. "Dada zangu, ni mimi Sarita. Magoti yangu yamekataa safari, ningekuja. Mama Chola alinifundisha kazi yangu kuliko mwalimu yeyote. Na wewe Odette, uliyesimama siku ile mbele ya wanaume wote ukasema mama huyu hana kosa, Mungu akulipe. Vijijini kwetu, kila nilipokaa na akina mama walioogopa, niliwasimulia habari zako." Halafu akalia kidogo, ikaisha. Macho yote yakageuka ku kinywa changu. Nikasema kwa Kibemba: anawapa pole, anasema amezeeka, anasema Mama Chola alikuwa mwalimu wake. Basi. Kipande ile ingine nikaimeza. Wanamuke wakaitika, "Eya mukwai," bukari ikaendelea kusongwa, na miye nikabaki pale na masikio yanawaka moto. Kumbe mu vijiji vya India, mbali kule sijui hata ni upande gani wa jua, kuna wanamuke wanajua jina langu, na wanalijua kwa uongo wangu mwenyewe.

Habari ya wazazi wangu na ya vita siandike hapa. Masomo yangu yalikomea darasa la tatu, mukono unachoka haraka, na ile mwaka moja ninataka kusema inatosha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ao makumi mbili. Nilikuwa nimevuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Congo, nikakaa ku kambi ya wavuvi karibu na Kabuta, watu waliita Kwa Chisanga juu mitumbwi ya pale ilikuwa ya Kapitao Chisanga. Nyumba yangu ilikuwa nusu-nyumba. Upande huu miye na kitanda cha matete, upande ule nyavu zake, katikati ukuta wa majani ambao hata kuku alipita. Kila kitu changu kilinuka wavu wenye maji: nguo, unga, nywele. Alikuwa anaingia kuangalia nyavu zake wakati wowote anataka, na hakukuwa mulango wa kufunga kati ya nyavu na miye. Nitaandika majina. Watu wa kanisa wananiambia, Mama Odette, samehe, usitaje. Miye ninataja. Kapitao Chisanga. Mudogo wake Kafula. Na Cheyamani Mofya, aliyekuwa mukubwa wa kambi, ambaye nilimupelekea malalamiko mara moja, akanisikiliza vizuri sana, akanikalisha ku kiti, halafu akanishika goti akasema, "Mutoto, samaki haikamatwe bila kuingia mu maji."

Na hiyo maneno haikuwa mafumbo, ilikuwa njo sheria ya pale. Asubuhi mitumbwi ikitokea, imejaa chisense, ile samaki ndogo-ndogo, wanamuke wote tulikimbia na mabeseni mpaka maji inafika ku kifua, tunashika mutumbwi, tunaita, "Ba Kapitao, miye! Miye hapa!" Anayepewa ni yule amependeza. Kupendeza maana yake kila mutu aliijua. Ulipika ku kibanda cha muvuvi, ulifua nguo yake, na mengine. Ukikataa, beseni yako inarudi na maji tupu, na watoto wanakula bukari na chumvi. Kulikuwa na mama mwenye wajukuu ambaye alikuwa bado anapaka mafuta asubuhi mbele ya kwenda ku maji. Wanaume walimucheka. "Bamayo, leo unang'aa! Nani amekuambia tunanunua ngozi ya zamani?" Na yeye alicheka nao, juu kama hakucheka hakupata.

Dada Sarita alifika mu hali hiyo na baiskeli na kofia ya majani. Shirika ilimutuma, jina yake siitaje juu haikunikosea kitu. Kwao alikuwa amefanya kazi na wanamuke wa mashamba miaka mingi, akiwafundisha kusimama wenyewe, halafu akakaa Tanzania, njo kule alijifunza Kiswahili. Shida moja: Kwa Chisanga watu wanasema Kibemba. Kiswahili ni ya soko tu, ya sisi Wakongomani na wale wanauziana na sisi. Donc alitafuta mutu wa kusema pande zote mbili, akanipata nimechuchumaa ninaanika chisense ku muchanga. "Samahani dada, naweza kukusumbua kidogo?" Nikaangalia nyuma kama anaongea na mutu mwingine. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniomba ruhusa ya kunisumbua. Kutoka siku hiyo nilikuwa kinywa chake. Wanamuke waliniita Ka-Redio. "Ka-Redio, muulize Muhindi, kwao mume akipiga muke wanafanya nini?" Nikauliza. "Muambie inategemea," Dada Sarita akajibu, "ana sufuria ngapi nyumbani za kumrudishia." Nikageuza kwa Kibemba, wakacheka mpaka mumoja akamwaga chisense yake ku muchanga. Miye nilijisikia sawa vile ile kicheko ni yangu.

Hakuanza na mukutano. Wale wa mbele yake walikuja na kitabu na kalamu, wakatupanga mu mustari, wakatuambia tuna haki, wakaenda. Yeye alikaa mu jikoni ya Mama Chola karibu mwezi muzima akitoa muchanga mu chisense, kamoja-kamoja, mpaka vidole vikamuvimba. Mama Chola alikuwa mujane, mwanamuke mukubwa wa mwili na mupole wa sauti, na ile kambi nzima ni yeye tu hakuingia mu maji. Alikuwa ananunua kwa mutumbwi moja ya mukwe wake, kidogo tu, na kiburi yake ilikuwa inawaudhi wanaume kuliko matusi. Jikoni yake ilikuwa ya majani, ya chini, unaingia umeinama, na ndani kulikuwa moshi, kunde zinachemuka, na kibao kimoja ambacho hakuna mutu mwingine alikalia. Siku ya kwanza alimupa Dada Sarita ile kibao. Tulikula bukari ya muhogo na chisense mu karanga, na Dada Sarita akala na mukono, vizuri, akauliza kama kuna pilipili. Mama Chola akaniangalia. "Huyu alikula njaa," akasema. "Mutu ambaye hajawahi kukosa haombe pilipili, anaombaga nyama." Sikujua kama ni kweli, mais nilipogeuza, Dada Sarita akaweka tonge chini, halafu akasema, "Mwambie ndiyo." Siku ingine alijaribu kutupikia mukate wa kwao na unga wa muhogo. Unga ulikataa kushikana, ukapasuka juu ya moto vipande-vipande. Mwansa, ambaye alikuwa amezaa mutoto wa kwanza ile mwaka, akavikusanya kwa kijiko akasema, "Bon, leo tunakula ramani ya Afrika." Hata sasa nikifikiri neno furaha, ninaona ile jikoni. Sikuwa na haki ya kuiona. Lakini njo inakuja.

Ni mu jikoni ile Dada Sarita alitusimulia habari ya kijiji moja cha kwao. Mutu alikuwa anauza pombe, waume wanakunywa mpaka unga wa nyumba. Wanamuke hawakumutukana. Walikuja wote, wakaketi mbele ya mulango wake, wakamupa migongo, kimya. Kesho tena. Kesho kutwa tena. "Unaweza kubishana na mdomo," akasema, "ukampiga mtu usoni. Lakini mgongo ulionyamaza, utaufanya nini?" Mwanamuke moja akasema, basi na sisi. Hatuingie tena mu maji. Mitumbwi ikija tunaketi ku muchanga, tunapa ziwa migongo, mpaka wavuvi wenyewe wapande na samaki huku juu, wamupe Mama Chola, na yeye atagawa, kila beseni sawa. Chisense haingoje. Jua likipanda kidogo tu imeanza kunuka. Nani atachoka wa kwanza?

Hapa lazima niandike polepole. Ku kambi yetu kulikuwa saa moja tu ambayo wanamuke wanapa ziwa mugongo: ni wakati wanatoa mutu aliyezama. Maiti ikiwa inavutwa, wanamuke wote wanageuka, ili maji isishike nyuso zao na kuomba mwingine. Kila mutoto wa pale alijua. Dada Sarita hakujua. Kwa kabila ya kwao mugongo ni mugongo. Niliona wanamuke wanaangaliana, ile wazo imewaingia wote kwa mara moja, na nilikuwa nimefungua kinywa nimuambie, wakati Mama Chola akanigusa mukono. Akasema kwa Kibemba, sauti chini, "Usigeuze hiyo. Waache waogope maji kidogo. Sisi tumeiogopa miaka yote." Wakacheka. Na miye nikacheka. Dada Sarita akauliza, "Wanasema nini?" Nikajibu, "Wanasema ni wazo muzuri."

Ilifanya kazi. Siku ya kwanza wavuvi walisimama ku maji wamekamata mitumbwi wakitukana. "Ninyi, mumelaaniwa? Mutu amekufa?" Kimya. Nilikuwa naona mbele yangu nyumba, moshi, mbuzi moja, na nyuma ninasikia sauti ya Kapitao inapanda na kushuka. Mugongo wangu ulikuwa unatetemeka peke yake, sawa mugongo wa ng'ombe akifukuza inzi. Walimwaga ile samaki. Siku ya pili pia. Siku ya tatu, mukwe wa Mama Chola alipanda muchanga na beseni yake ya kwanza, ameinamisha kichwa, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Mama Chola aligawa. Yule mama mwenye wajukuu alipata beseni imejaa bila kupaka mafuta, akaiangalia sawa vile ni mutoto amerudishiwa. Wiki tatu tuliishi hivyo. Wiki tatu Kapitao hakuingia upande wangu wa ukuta. Nilinenepa. Nilianza kutembea nikipiga viatu chini. Wanamuke wakinipita walisema, "Ka-Redio, habari ya leo?" na nikawapa habari hata ambazo hakuna mutu alisema, nikiongeza maneno yangu mu kinywa cha Muhindi, juu nilionja utamu wa kusikilizwa. Ninaandika hii ili mujue, sikuwa mutoto aliyevutwa na mukono. Niliipenda ile kazi kwa sababu ya Odette, na si kwa sababu ya mwanamuke mwingine yeyote.

Halafu upepo ukaja. Mweru inajulikana. Unaiona imelala sawa mafuta mu sahani, na mbele ya kumaliza kufunga kitambaa ku kichwa imesimama. Kafula, mudogo wa Kapitao, alikuwa ametoka asubuhi kuangalia nyavu zake na mutumbwi muzee, ule kila mutu alimuambia atengeneze. Kesho yake wakamuleta. Na wakati wanamuvuta, wanamuke tuligeuka sote tukapa ziwa migongo, vile desturi inadai. Nikasikia mwanaume nyuma yangu anasema, si kwa kelele, sawa mutu anahesabia kichwani: "Mumeona? Wameketi hivi wiki tatu. Walikuwa wanaita maiti."

Mukutano uliitwa juu ya kifo hicho, na Kapitao alikuja kwangu asubuhi, kabla haujaanza. Alipita upande wa nyavu kama zamani. Hakunipiga. Ningeomba anipige, ningekuwa na kitu cha kuonyesha leo. Alikaa ku kitanda changu, macho mekundu, ananuka pombe na kilio, na akaniita kwa jina, kitu hakufanyaga. "Odette. Ile mambo ya migongo, nani aliileta?" Nikaangalia nyavu zake. "Muhindi hana shida, ataingia mu motoka aende. Wewe utaenda wapi? Huna karatasi hata moja. Wewe njo ulikuwa unasema, kinywa chako njo kilitusemea laana kwa Kibemba, watu wote walisikia. Ni wewe, ao kuna mutu alikutuma?" Akangoja. Nikasikia chisense ya mutu inakaangwa nyumba ya pili, harufu inaingia, na nikafikiri, Mungu anisamehe, nikafikiri nina njaa. "Ni mutu alinituma," nikasema. "Basi utasema jina mbele ya watu," akajibu, akasimama, akakunja vizuri wavu moja uliokuwa umeanguka.

Mukutano ulifanywa pa uwanja wa kuanikia. Wanaume walikaa ku mitumbwi iliyopinduliwa, wanamuke chini. Cheyamani Mofya alivaa koti. Dada Sarita alikaa karibu na miye ku muchanga, amekataa kiti, bega lake linagusa bega langu, na Mama Chola mbele yetu hatua tatu, Mwansa nyuma yake na mutoto mugongoni. Cheyamani akaniita nisimame. "Wewe ulikuwa ndani ya jikoni. Mama Chola alisema nini juu ya ile kukaa na migongo?" Nilisimama. Ninajua wengine wakisimulia aibu yao wanasema, sijui nini ilinishika, nilisikia sauti sawa si yangu. Ilikuwa yangu. Nikasema kwa Kibemba, wazi, kwa ile sauti nzuri ambayo kazi ilinifundisha: "Mama Chola alijua maana ya kupa ziwa mugongo. Alinikataza nisimuambie Muhindi. Alisema, waache waogope maji."

Mutaona hakuna neno la uongo pale. Njo kile kinaniuma kuliko yote. Uongo ningeutubu, kanisa ina maombi yake. Nilichukua maneno ya kweli, ya mwanamuke aliyenipa chakula, maneno aliyoyasema akicheka mu moshi wa jikoni yake, nikayaweka mu mukono wa wale watu nikijua watayafanyia nini. Wanaume wakasimama wote pamoja. Na Dada Sarita akanivuta kitenge, macho yamemutoka, "Odette, umesema nini? Umewaambia nini?" Nikamuangalia. Nikasema kwa Kiswahili, ile Kiswahili yake, nikiitengeneza vizuri: "Nimewaambia mama huyu hana kosa. Nimewaambia ni upepo tu." Akanishika mukono, akaubusu. Mbele ya watu wote, akaubusu. Na mbele yetu, hatua tatu, Mama Chola akageuza kichwa. Alikuwa ameuziana samaki na Wakongomani miaka makumi tatu. Hakuisemaga Kiswahili, lakini hakuna bei iliyomupita. Akaniangalia miye, akaangalia Muhindi akinishika mukono, na nikajua amesikia pande zote mbili. Angeweza kusema neno moja, "uongo," hiyo neno kila mutu wa soko anaijua. Hakusema. Alirudisha uso mbele.

Kapitao Chisanga alimupiga Mama Chola na kafi ya mutumbwi ku bega, mara mbili. Ule mukono haukupanda tena juu ya kifua mpaka amekufa. Walioshusha majani ya nyumba yake ni watu sita, na jikoni waliichoma. Nilisikia vyungu vinapasuka. Hawakumuua juu Dada Sarita alijitupa kati, na waliogopa kumugusa mugeni. Mama Chola na Mwansa walitembea na miguu kwenda Puta, ku ndugu za mume, na godoro moja ku baiskeli ya mutu aliyewahurumia. Dada Sarita, shirika yake ilimutoa wiki ile ile. Mbele ya kupanda motoka alinipa kofia yake ya majani. Akasema, "Katika wote, wewe ndiye uliyesimama." Niliipokea. Ilinienea. Na miye nikabaki Kwa Chisanga miaka saba ingine, na kila asubuhi mutumbwi ukifika, Kapitao alikuwa ananipa wa kwanza, bila kuniomba nini, bila hata kuniangalia. Beseni imejaa mpaka inamwagika. Wanamuke wakarudi mu maji mpaka ku kifua, yule mama mwenye wajukuu akarudi ku mafuta yake, na miye ninapita katikati yao na samaki yangu. Hakuna aliyenitukana. Jina la Ka-Redio likakufa tu, sawa redio yenye betri imekwisha. Nilikula ile samaki. Nikitaja majina ya Chisanga na Kafula na Mofya, watu wanasema, pole Mama, uliteseka. Ni kweli niliteseka. Lakini ile samaki ya miaka saba hakuna aliyenilisha kwa nguvu.

Miaka mingi nyuma ya hapo, wakati Mantapala, kambi ya wakimbizi, ilifunguliwa, nilihamia kule kuuza kwa Wakongomani wapya, na mufanyakazi moja wa kule, aliyefundishwa na Dada Sarita, akatuunganisha mu simu. Noeli na Pasaka ananitumia sauti. Kila mara: "Mama Chola yupo? Mnaonana?" Na kila mara ninamujibu: "Yuko muzima, anakusalimia sana." Sikuwa nimefika Puta hata mara moja. Nilimutumia salamu za mutu ambaye miye mwenyewe sikuwa na uso wa kumusalimia. Nilipata habari ya kifo chake ku soko, na nikaenda juu nilifikiri, aibu ni hii, nilifikiri sasa haitakuwa hatari.

Donc nilikuwa pale ku mukeka, nimeshameza kipande yangu, na sahani ya bukari imewekwa mbele yangu, wakati Mwansa alikuja akaketi. Ana nywele nyeupe sasa. Alinawa, akamega tonge, akaliviringisha muda murefu bila kula. Halafu akasema kwa Kiswahili, Kiswahili ya soko lakini nzima, "Umeruka kipande, Mama Odette."

Nikasema, "Kipande gani?"

"Ile ya jina lako. Miye pia ninauza samaki, usinione hivi." Akala tonge lake. "Waambie. Wale wazee pale wawili walikuwako siku ile ya uwanja. Waambie vile Muhindi anasema, halafu waambie vile ulisema. Kama unashindwa, kula, halafu uende nyumbani, hakuna mutu atakupiga."

Ni hiyo "hakuna mutu atakupiga" iliyonisimamisha. Nilisimama, nikawaambia kwa Kibemba sifa yote Dada Sarita alinipa, neno kwa neno. Mumoja wa wale wazee akacheka, kicheko kifupi cha pua. Halafu nikawaambia maneno niliyoyasema pa uwanja, na kafi, na samaki. Hakuna aliyelia. Mwanamuke moja akauliza jirani yake kama kunde zimebaki. Nilipoketi, Mwansa alisukuma sahani kidogo, si karibu, si mbali. "Miye nimesikia," akasema. "Muhindi bado."

Ilinichukua siku nne. Nilikuwa nabonyeza, nasema "Dada Sarita," nafuta. Siku ya tano, asubuhi, nimerudi kwangu Mantapala, nilifunga mulango nikasema yote pasipo kupumuzika, Kibemba kwanza vile ilikuwa, na maana yake, halafu Kiswahili yake vile nilimutafsiria, na nikasema awaambie wale wanamuke wa vijiji vya kwao kwamba mutu ambaye anawasimulia habari zake hayuko, aliyekuwako aliitwa Chola. Nikatuma. Nikaenda ku soko, nikauza vibaya, nikarudisha watu chenji ya wengine. Jibu lake lilikuja jioni, fupi, na hakukuwa machozi ndani yake wala hasira ambayo ningeweza kushika. Lilikuwa swali.

"Na Mama Chola, Odette? Alisikia ulichoniambia mimi?"

Niliketi nalo. Ningeweza kumuambia hakusikia, kulikuwa kelele, wanaume walikuwa wamesimama. Angenisadiki, amenisadiki maisha yake yote. Nikabonyeza nikamujibu.

"Alisikia. Alisikia zote mbili, Dada. Na akakuacha unishike mukono."